Bayokemia si mlango wa nyuma wa udaktari

Dhana: Ukikosa udaktari, soma bayokemia (kemia ya viumbe hai), utaingilia huko.

Inategemea uko wapi. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo wengi hupitia bayokemia. Katika nchi nyingine nyingi mtu huingia udaktari moja kwa moja akitoka sekondari, na mara nyingi bayokemia haimsogezi hata hatua moja. Kutibu ni marufuku kwa shahada hii, popote pale. Ajabu ni kwamba Hans Krebs, mmoja wa vigogo wa fani hii, alianza na udaktari ndipo akahamia bayokemia, na Katalin Karikó, mwanabayokemia ambaye si daktari wa wagonjwa kabisa, alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2023 kwa kazi ya RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) iliyowezesha chanjo za korona.

Dhana: Ni kukariri tu.

Sifa hii mbaya imeletwa na mzunguko wa Krebs wenyewe, ule mduara wa hatua nane ambao seli hutumia kupata nishati kutoka kwenye chakula, unaokaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika wiki ya pili. Mhadhiri makini hakuulizi majina. Anakuuliza: mtu amemeza sianidi, damu yake imejaa oksijeni, mbona seli zinakufa kama zimenyimwa hewa? Hapo kukariri hakukuokoi. Lazima ujue kuwa sumu ile imekishika kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) cha mwisho katika upumuaji wa seli, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni, na kila kitu nyuma yake kimesimama.

Na waliokimbilia huku ili waepuke hesabu, poleni. pH, kipimo cha uasidi, ni logi: ikishuka kutoka 7 hadi 6, ioni za haidrojeni zimeongezeka mara kumi. Mlinganyo wa Michaelis na Menten wa 1913, unaoeleza kasi ya vimeng'enya, nao utakungoja kwenye mtihani.

Dhana: Maabara ni kufuata maelekezo.

Jaribio langu la kwanza la kupima protini lilikuwa la biureti. Unaongeza kitendanishi chenye shaba, kimiminika kinageuka zambarau, na rangi ikikolea zaidi ujue protini ni nyingi zaidi. Grafu yangu ilitakiwa iwe mstari mnyoofu; ikapinda kama njia ya ng'ombe. Nilifuata maelekezo yote! Kumbe kitufe cha pipeti, kifaa cha kuvuta na kutoa kiasi kidogo cha kimiminika, kina vituo viwili: unavuta kwa cha kwanza, cha pili ni cha kumalizia kutoa. Mimi nilikuwa nabonyeza mpaka mwisho wakati wa kuvuta, kila mrija ukapata ziada, tena isiyolingana. Alasiri nzima ya kumtafuta mchawi, na mchawi ni kidole gumba changu.

Dhana: Mwisho wake ni ualimu au utafiti.

Waliosoma bayokemia wapo kwenye udhibiti wa ubora wa dawa na vyakula, kwenye hataza (haki za wavumbuzi), kwenye uchambuzi wa data za jeni, kwenye uandishi wa sayansi. Kuongoza utafiti wako mwenyewe, hapo kweli mara nyingi utadaiwa shahada ya uzamivu.

Lakini kama ndoto yako ni kupima sampuli za wagonjwa hospitalini, uliza kabla ya kujisajili. Nchi nyingi hutoa leseni ya kazi hiyo kwa waliosomea maabara ya tiba, na wapo waliogundua hilo wakiwa tayari wamevaa joho la mahafali.