Fedha zitatoka katika kodi ipi? Kumsoma mgombea udiwani kwa mfano wa Evanston

Kila uchaguzi wa serikali za mitaa unapokaribia hapa Illinois, ndugu na marafiki huniletea vipeperushi vya wagombea udiwani na kuniomba niwafafanulie maneno mawili yasiyokosekana siku hizi, yaani usawa wa rangi na maendeleo ya jamii. Kazi yangu ni mipango miji, na muda wangu mwingi huishia kwenye ramani za viwanja na vitabu vya bajeti. Kwa hiyo humsoma mgombea kwa maswali matatu: ni dhara gani hasa analolitaja, nani alilifanya, na fedha za kulirekebisha zitatoka katika kodi ipi. Wanaoyajibu yote matatu ni wachache sana, na mfano ninaourudia ni wa Robin Rue Simmons, aliyechaguliwa mwaka 2017 kuwa diwani wa Kata ya 5 katika mji wa Evanston.

Evanston unapakana na Chicago upande wa kaskazini, kando ya Ziwa Michigan, na una wakazi wasiozidi 80,000. Wamarekani weusi waliohamia huko kutoka majimbo ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20 walisukumwa upande wa magharibi, kati ya reli na mfereji, kwa kanuni za matumizi ya ardhi, kwa mikataba ya mauzo iliyokataza nyumba kuuziwa mtu mweusi, na kwa benki zilizowanyima mikopo. Shirika la serikali kuu la mikopo ya nyumba, lililoanzishwa mwaka 1933, liliipaka mitaa hiyo rangi nyekundu kwenye ramani zake, ishara kwamba kukopesha huko ni hatari. Msomaji aliyekulia Dar es Salaam, anayefahamu jinsi Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zilivyotenganishwa tangu enzi za ukoloni, hahitaji kuelezwa sana. Cha kuongeza ni kwamba kwa familia ya kawaida ya Kimarekani nyumba ndiyo akiba yenyewe: ndiyo dhamana ya mkopo wa kuanzishia biashara, ndiyo inayolipia chuo, na ndiyo urithi. Baba aliyenyimwa mkopo mwaka 1940 alikosa nyumba, na wajukuu wake wakakosa mtaji. Hata shule ya kata hiyo, Foster, ilibadilishwa katika miaka ya 1960 ili kuchanganya wanafunzi wa rangi zote, na watoto weusi ndio waliobebeshwa mzigo wa kupanda mabasi kwenda kusoma mitaa mingine.

Rue Simmons alizaliwa na kukulia humo, na kabla ya siasa alifanya kazi katika biashara ya nyumba. Hoja yake ilikuwa kwamba programu za jumla za usawa haziwezi kuponya dhara lililolengwa kwa watu mahususi, kwa hiyo mwaka 2019 aliliomba baraza lilipe fidia. Wakati huo jimbo lilikuwa likijiandaa kuruhusu uuzaji wa bangi kuanzia Januari 2020, na mnamo Novemba 2019 baraza likaamua kwamba dola milioni 10 za kwanza za kodi ya asilimia 3 kwenye mauzo hayo zitaingia katika mfuko wa fidia kwa muda wa miaka 10. Chanzo hicho kilikuwa na mantiki yake, kwa sababu wakazi weusi walikuwa wamekamatwa kwa kosa la bangi kwa kiwango kilichozidi mno uwiano wao katika mji. Ninaiheshimu sana hatua hii: ahadi ilifungwa kwenye kodi inayojulikana kabla hata haijagawiwa kwa mtu yeyote.

Namna ya kuigawa ndiyo iliyoleta mvutano. Machi 2021 baraza lilipitisha, kwa kura 8 dhidi ya 1, mpango wa kumpa kila mnufaika dola 25,000 za kununulia nyumba, kuikarabati au kulipia mkopo wake. Kura ya kupinga ilikuwa ya Cicely Fleming, diwani mweusi aliyeunga mkono fidia lakini akasema kwamba huo ni mpango wa nyumba, na kwamba mtu anayedai haki yake hapaswi kupangiwa matumizi huku fedha zikiishia mikononi mwa benki. Kwa maoni yangu alikuwa na haki, na mwaka 2023 jiji lenyewe liliongeza njia ya kulipwa fedha taslimu. Hata hivyo, nisingeudharau mpango wa awali. Kwa bei za Evanston, dola 25,000 ni mbali na kununua nyumba, lakini zinatosha kubadilisha paa linalovuja na kumwezesha mzee kubaki katika nyumba ambayo angelazimika kuiuza.

Wakongo wenzangu wa Rogers Park, mtaa wa Chicago ulio hatua chache tu kutoka mpaka wa Evanston, wameniuliza kwa nini wao hawamo, ilhali nao ni weusi na kodi za pango zinawaelemea. Jibu liko katika masharti: anayestahili ni mtu mweusi aliyeishi Evanston akiwa mtu mzima kati ya 1919 na 1969, mwaka ambao jiji lilipiga marufuku ubaguzi katika nyumba, au mzao wake wa moja kwa moja, au anayethibitisha kwamba sera ya jiji ilimbagua baada ya hapo. Hili ni deni la jiji kwa wale liliowadhulumu. Mahitaji yetu sisi wahamiaji ni ya kweli, lakini yanastahili mfuko wake na bajeti yake. Tangu mwaka 2024 kigezo chenyewe cha rangi kinapingwa katika mahakama ya shirikisho.

Udhaifu mkubwa umekuwa kasi. Mapato ya bangi yaliingia polepole, hata baraza likalazimika kuongeza fedha kutoka kodi ya uhamisho wa majumba ya bei kubwa. Januari 2022 walichaguliwa watu 16 wa kwanza kwa bahati nasibu, wote wakiwa miongoni mwa wazee walioishi katika kipindi kile cha ubaguzi. Wenzao waliokuwa wamekwisha kuthibitishwa waliachwa wakisubiri kodi ikusanywe, na baadhi yao walifariki kabla ya zamu yao kufika.