Maudhi ya Chanjo na Hatari ya Surua: Tuvipime kwa Mzani Mmoja

Siku ya kliniki, swali lenyewe huwa halianzi kama swali. Mama anakaa kwenye benchi, kadi mkononi, mtoto wa miezi 9 mapajani, kisha anasema tu: "Wa jirani yangu alichomwa hii hii, akashikwa na degedege." Halafu ananyamaza, anakuangalia usoni. Haya ni maswali ninayokutana nayo zaidi kuhusu chanjo ya surua na rubella (ugonjwa mwingine wa homa na vipele unaofanana na surua), ambayo Tanzania hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha tena akifikisha miezi 18. Nimechagua hiyo makusudi, kwa sababu ndiyo inayoleta homa kwa kuchelewa, na homa ya kuchelewa huzua maneno mengi.

Nesi, niambie kweli. Hii chanjo ina madhara au haina?

Inayo. Mhudumu anayekujibu kwamba haina kitu chochote anakukosea, maana mtoto akichemka usiku utajua umedanganywa, na siku nyingine hutamwamini hata akisema kweli.

Ndani ya chanjo ya surua mna kirusi hai cha surua kilichodhoofishwa. Hakina nguvu ya kumuuguza mtoto, lakini mwili unakiona na unapambana nacho, na mapambano hayo yanachukua siku kadhaa. Ndiyo maana homa yake haiji usiku ule ule. Huja kati ya siku ya 7 na ya 12. Katika kila watoto 100, kati ya 5 na 15 hupata homa hiyo, na kama watano hutokwa na vipele vidogo vinavyopotea vyenyewe. Haya ndiyo tunayoyaita maudhi madogo madogo, ingawa najua kwa mama aliyekesha na mtoto hakuna kilicho kidogo hapo.

Yapo na makubwa, ila ni adimu. Degedege la homa humpata karibu mtoto mmoja kati ya 3,000. Chembe zinazosaidia damu kuganda hushuka kwa muda kwa mmoja kati ya 30,000 hivi, na mtoto hutokwa na vidoa vya damu chini ya ngozi. Wengi hupona bila matibabu makubwa. Mzio mkali ni wa mmoja au wachache katika kila milioni. Huo huanza mapema, mara nyingi ndani ya dakika chache tangu sindano, na ndiyo sababu unaambiwa usiondoke kwanza. Hatukuchelewesheni bure: sindano ya adrenalini ya kuutibu iko pale pale.

Mmoja kati ya 3,000! Na kama huyo mmoja ni wangu?

Ukiwa mzazi, huo ndio ukweli: mtoto wako hagawanyiki kwa 3,000. Basi tuufikirie uwanja mzima. Uwanja wa Benjamin Mkapa, siku ya Simba na Yanga, unabeba watu 60,000. Tujaze watoto watupu.

Tuwachanje wote. Wiki inayofuata, watoto kati ya 3,000 na 9,000 watachemka. Karibu 20 watapata degedege la homa. Wawili hivi watatokwa na vile vidoa vya damu. Mzio mkali huenda tusiuone kabisa. Jukwaa moja zima linalia, sifichi.

Sasa tuwatoe hao, tuingize wengine 60,000, hawa tuwaache waugue surua. Wote watachemka, si baadhi. Kama 3,000 watapata homa ya mapafu. Degedege litawapata takriban 300. Ubongo utavimba kwa watoto 60, na katika hao wapo watakaofariki na wapo watakaobaki na ulemavu. Vifo? Katika nchi tajiri, zenye oksijeni kila hospitali, surua huua mtoto mmoja hadi watatu kati ya 1,000, yaani 60 hadi 180 katika uwanja wetu. Lakini sisi hatuishi huko. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mlipuko ulioanza 2019, iliandikisha zaidi ya watu 300,000 waliodhaniwa kuugua surua, na zaidi ya 6,000 walifariki. Hiyo ni karibu wawili katika kila mia, kwa uwanja wetu ni watoto 1,200. Hata ukidai kwamba wagonjwa wengi hawakufika kuandikishwa, ukakata hesabu hiyo nusu, unabaki na 600.

Nikumbushe pia kwamba wakati huo huo dunia nzima ilikuwa imeelekeza macho Kivu Kaskazini na Ituri, huko huko Kongo, kwa sababu ya Ebola. Ebola ile iliua watu zaidi ya 2,200. Surua iliua karibu mara tatu ya hapo, na wengi hawakusikia.

Kuhusu degedege lenyewe: degedege la homa linatisha kuliko linavyodhuru. Huko nyumbani wapo wanaolihusisha na nondo au shetani, wakakimbilia kwa mganga kwanza. Hapana. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha mlete kituoni aangaliwe hata kama limeisha, kwa sababu malaria na homa ya uti wa mgongo navyo huleta degedege, na hivyo havisubiri.

Lakini mtaani kwetu surua haipo. Kwa nini nimtafutie mtoto homa bure?

Swali hili nalipenda, kwa sababu lina mantiki. Kweli, hatari ya ugonjwa haihesabiwi kwa ukali wake peke yake. Huhesabiwa pia kwa uwezekano wa kuupata. Kama surua ingekuwa imetoweka duniani kama ndui, ningekuunga mkono. Tanzania haichanji tena ndui.

Surua haijatoweka. Ipo, inazungukazunguka, na ndiyo inayoambukiza kuliko karibu maradhi yote tunayoyajua. Mgonjwa akikohoa ndani ya daladala kisha akashuka, kirusi chake kinaweza kubaki hewani hadi saa mbili. Katika kila watu 10 wasio na kinga waliokaribiana naye, 9 wataondoka nayo. Kwa hiyo "mtaani haipo" maana yake ni kwamba wenzako wamechanja. Wanatakiwa wawe kama 95 katika kila 100 ili surua ikose njia, na kila anayejitoa anapunguza ukuta huo huo anaouegemea.

Tazama yaliyotokea Samoa, kisiwani katika Bahari ya Pasifiki, nchi ya watu kama 200,000 tu. Mwaka 2018 watoto wachanga wawili walifariki baada ya kuchomwa chanjo inayokinga surua. Wazazi waliogopa, na nani asingeogopa? Uchunguzi ukaonyesha kwamba wauguzi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda wake, badala ya maji yake maalumu. Chanjo haikuwa na kosa. Mkono ndio uliokosea, na wauguzi wawili walifungwa. Lakini zoezi lilikuwa limesimama kwa miezi, imani imekwisha, waliochanjwa wakashuka hadi karibu 31 katika kila 100. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia. Watu zaidi ya 5,700 waliugua, 83 walifariki, wengi wao chini ya miaka 5. Desemba ile serikali iliwataka watu ambao nyumbani mwao kuna asiyechanjwa watundike kitambaa chekundu mlangoni, ili wachanjaji wapite nyumba kwa nyumba.

Wawili kwa kosa la mchanganyiko. Themanini na watatu kwa kukosa chanjo. Vifo vyote hivyo vinauma, na sitaki kuvitumia vile vya pili kufuta vile vya kwanza.

Mama mkwe anasema wao wote waliugua surua na wakapona. Nimjibuje?

Kwa adabu, kwanza. Kisha muulize, "Mama, na wale ambao hawakupona?" Mara nyingi atatulia, atakutajia mtoto wa shangazi au pacha wa fulani. Kwenye baraza tunaongea na waliopona. Wengine hawapo kutusimulia.

Na kupona surua si kurudi ulivyokuwa. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba surua hufuta kati ya asilimia 11 na 73 ya askari wa mwili ambao mtoto alikwisha kuwajenga dhidi ya maradhi mengine. Kinga inasahau ilichojifunza. Ndiyo maana mtoto "aliyepona surua" hufuatwa na kuhara, masikio kutoa usaha, homa ya mapafu, na miezi kadhaa baadaye watu husema amekufa kwa kuhara. Wapo pia wanaopofuka, hasa wenye upungufu wa vitamini A. Ndiyo sababu tunampa mgonjwa wa surua vitamini A siku mbili mfululizo. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe hatuna.

Nimesikia inaleta usonji.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayompa mtoto ugumu wa kuongea na kuchangamana na wenzake. Maneno hayo yalitokana na makala ya mwaka 1998 ya daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, iliyohusu watoto 12. Jarida la Lancet liliifuta 2010, na mwaka huo huo akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Huko Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Sina la kuongeza hapo.

Imewahi kutokea chanjo ikaonekana ni mbaya ikaondolewa, au nyie huitetea tu kila moja?

Imetokea. Marekani mwaka 1998 waliidhinisha chanjo ya matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota. Baada ya miezi ikaonekana kwamba baadhi ya watoto walikuwa wakipata tatizo la utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, takriban mmoja kati ya 10,000. Mwaka 1999 ikaondolewa sokoni. Matone ya rota yaliyoletwa kwetu baadaye yalikuwa mengine, nayo yalifuatiliwa katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Matokeo yalitoka 2018: tatizo hilo halikuongezeka.

Unaona lakini ugumu wake. Kwa nchi ambayo kuhara hakuui watoto, mmoja kati ya 10,000 ni wengi mno. Kwa nchi ambayo kuhara kunazika watoto kila msimu, mzani ungeweza kulalia upande mwingine kwa chanjo ile ile. Mzani haulingani kila mahali, na anayekuletea hesabu ya Ulaya bila kuipima na hali ya hapa, awe anaitetea chanjo au anaipinga, hajakusaidia.

Nifanye nini mtoto akichemka?

Mnyonyeshe zaidi, mvue manguo mazito, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, si cha kukisia. Aspirini hapana. Mlete haraka akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea asiamke vizuri, au homa ikipita siku mbili.

Kuna kosa moja nimeliona mara nyingi. Mtoto anachemka siku ya pili baada ya sindano ya surua, nyumbani wanasema "ni chanjo hiyo, itaisha," wakati homa ya surua ya chanjo bado haijafika zamu yake. Siku hiyo akapimwe malaria.

Ni nani asichomwe?

Aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hii, mjamzito, na mwenye kinga iliyoporomoka sana. Mtoto mwenye virusi vya Ukimwi anayeendelea vizuri anachanjwa, tena anahitaji zaidi. Mafua, kikohozi na utapiamlo si sababu ya kurudishwa nyumbani. Mwenye utapiamlo ndiye surua inayemmaliza.

Mara ya mwisho nesi alinirudisha, eti watoto hawajatimia. Hiyo ni haki?

Inaudhi, hasa ukiwa umelipa nauli. Kichupa kimoja cha chanjo hii kwa kawaida kina dozi 10 za unga. Kikishachanganywa na maji yake, kinatakiwa kikae kwenye ubaridi na kitupwe ndani ya saa 6, kiwe kimebaki na dozi moja au tisa. Wengine wanaogopa kutupa, wanangoja watoto wafike. Si sahihi kumrudisha mtoto aliyekwisha kufika, na unaweza kulisema hilo bila kugombana.

Ila kanuni ya saa 6 usiichezee. Sudan Kusini, eneo la Kapoeta, Mei 2017, bomba moja la sindano la kuchanganyia chanjo lilitumika kwa siku nne, chanjo ikakaa bila ubaridi, na waliokuwa wakichoma sindano hawakuwa na mafunzo. Watoto 15 walifariki kwa maambukizi ya damu. Kwa hiyo ukiketi na mwanao, una haki ya kuuliza swali moja kabla hajachomwa: "Nesi, hiki kichupa kimefunguliwa saa ngapi?" Sisi tunaandika saa hiyo ubavuni mwa kichupa. Omba uione.