Kufidia hatari: je, kofia ngumu humfanya mwendesha baiskeli ajiachie?

Kufidia hatari ni tabia ya mtu kulegeza tahadhari akijua amelindwa. Akifungiwa breki mpya, anaongeza mwendo. Akivaa kofia ngumu, anateremka mlima kwa baiskeli bila kugusa breki. Usalama ulioletwa na kifaa unaliwa, wote au nusu yake, na ujasiri wa anayekitumia.

Wazo hili lilivuma mwaka 1975, pale mchumi Sam Peltzman wa Chuo Kikuu cha Chicago alipodai kwamba kanuni za usalama wa magari nchini Marekani hazikuwa zimepunguza vifo kama ilivyotarajiwa: waliomo ndani ya gari walipona zaidi, lakini watembea kwa miguu wakaumia zaidi. Hesabu zake zilipingwa na wengi. Baadaye mwanasaikolojia Gerald Wilde wa Kanada akalivuta wazo mbali zaidi, akisema kila mtu ana kiwango cha hatari alichokiridhia na atakirudia tu, umvishe nini. Hilo naona limepitiliza. Lingekuwa kweli, mkanda wa gari usingekuwa umeokoa mtu.

Kwa upande wa baiskeli, jaribio linalotajwa sana ni la Tim Gamble na Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2016. Walichukua watu wazima 80 na kuwaambia wanajaribu mtambo wa kufuatilia macho. Mtambo huo ulifungwa kwenye kofia ya baiskeli kwa baadhi yao, na kwenye kapelo ya kawaida kwa wengine. Kisha wakacheza mchezo wa kompyuta: unajaza puto upepo, kila pampu inakuongezea pesa, puto likipasuka unazikosa. Waliovaa kofia ya baiskeli walithubutu kupampu zaidi.

Ila hebu tazama vizuri. Puto la kwenye skrini halimpasui mtu kichwa. Kofia haikuwa na la kumkinga mchezaji, kwa hiyo tukiishika maana ya dhana yenyewe, hapo hapakuwa na cha kufidia. Labda kuvaa kitu cha kujikinga kunaamsha tu hisia ya kuwa salama, na hisia hiyo inavuka hadi kwenye mambo yasiyohusika. Jambo la kuvutia, lakini kutoka hapo hadi barabarani ni mbali, na wanaolitumia kukataa kofia huwa hawausemi umbali huo.

Watafiti wa Norwei walitoka nje. Waliwapima waendesha baiskeli kwenye mteremko, wakiwa na kofia na bila kofia. Waliozoea kuivaa walipunguza mwendo walipovuliwa. Wasioizoea walipovishwa, hawakukimbia kuliko kawaida yao. Maana yake, kumpa kofia mtu ambaye hajawahi kuivaa hakukumgeuza kuwa mkimbizaji. Mwaka 2019 mapitio ya tafiti 23 kuhusu jambo hilihili yalikuta 18 kati yake haziungi mkono dhana ya kufidia hatari.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mara nyingi mwenye kofia ndiye mwenye haraka. Mtu aliyevaa suti ya kubana na anayefanya mazoezi ya mashindano atakuwa na kofia na atapita kama mshale; mama wa Uholanzi anayempeleka mtoto shule hana kofia na anakwenda taratibu. Mwendo wa yule wa kwanza haukuletwa na kofia. Alikusudia kukimbia, ndipo akaivaa.

Kuna upande mwingine unaosahaulika: anayefidia anaweza kuwa dereva. Mwaka 2006 Walker huyohuyo aliifunga baiskeli yake kifaa cha kupima umbali, akapitwa na magari zaidi ya 2,000. Alipovaa kofia, yalimpita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Alipovaa wigi la nywele ndefu ili aonekane mwanamke kwa nyuma, yalimwachia nafasi zaidi. Katika kazi hiyo aligongwa mara mbili, na basi na lori, mara zote akiwa na kofia. Mwaka 2013 watafiti Jake Olivier na Scott Walter walizichambua upya takwimu zake wakasema kwamba kwa magari yaliyopita kwa hatari kweli, chini ya mita 1, kofia haikuleta tofauti. Ubishi wao uliendelea.

Hata hivyo, ukianguka na kichwa kikafikia lami, povu gumu lililo ndani ya kofia ndilo linalobonyea badala ya fuvu. Uchambuzi wa tafiti 40, wenye waendesha baiskeli walioumia zaidi ya 64,000, ulikuta uwezekano wa jeraha baya la kichwa ukipungua kwa takriban asilimia 69 kwa waliovaa. Ili kuufuta unafuu mkubwa hivyo, kofia ingebidi imtie mtu wazimu.

Huku kwetu swali linahusu zaidi bodaboda, na huko dhana hii hutumika vibaya. Dereva ambaye kofia yake inaning'inia kwenye usukani mpaka amwone trafiki hana ulinzi wa kumpa kiburi. Mwendo wake una sababu nyingine, hasa abiria wa pili anayemsubiri. Na abiria aliyepewa kofia nyuma hashiki mafuta wala breki. Hata akijisikia salama kiasi gani, hana mwendo wa kuongeza.