Je, wajua kwa nini ukienda kupima VVU unaulizwa kama nyumbani unapigwa?

Kuna swali huwa linawashtua watu wengi wakienda kupima VVU au wakienda CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kuchukua dawa. Umekaa na mshauri, mambo ya kipimo mmemaliza, mara anakuuliza, "Mama, nyumbani uko salama? Kuna mtu anakupiga, anakutishia, au anakulazimisha kulala naye wakati hutaki?" Wengine wanakasirika kabisa, nimekuja kupima damu, ndoa yangu inahusu nini hapa? Wengine wanajibu haraka haraka tuko sawa tu dada, wanabeba pochi wanaondoka.

Inahusu, tena sana. Kiukweli kwa mtazamo wangu hilo swali lina uzito sawa na kile kipimo chenyewe, na programu yoyote ya UKIMWI kwenye jamii inayoliruka inakuwa inagawa dawa tu huku mlango wa virusi uko wazi nyuma yake.

Tuanze na lile ambalo kila mtu analiona. Mwanamke akilazimishwa kuna michubuko, na michubuko ndiyo njia ya virusi, na anayelazimisha mara nyingi havai kondomu. Hiyo iko wazi. Ila sehemu kubwa zaidi haiko kwenye tukio la usiku mmoja, iko kwenye maisha ya kila siku ya nyumba yenye kipigo. Mwanamke anayeogopa kofi hawezi kusema leo tutumie kondomu, maana atajibiwa umeanza lini umalaya, au unanihisi mimi nina ugonjwa? Hawezi kumuuliza bwana ulilala wapi jana. Hawezi kumwambia twende wote tukapime. Na mara nyingi mwanaume yule yule anayepiga ndiye mwenye mahusiano mengi nje, kwa hiyo mama anakaa na mtu mwenye hatari kubwa zaidi huku yeye mwenyewe ana uwezo mdogo zaidi wa kujikinga.

Hapa kwetu hili limeonekana muda mrefu. Kuna utafiti ulifanyika Muhimbili, Dar es Salaam, ukachapishwa 2002, waliongea na wanawake 245 waliokuja kupima VVU. Kwa wale wa chini ya miaka 30, waliokutwa na VVU walikuwa na uwezekano mara 10 zaidi wa kusema wamefanyiwa ukatili na mwenza kuliko wale wasio na VVU. Sasa mtu anaweza kusema pengine wanapigwa kwa sababu wana VVU, siyo kwamba walipata VVU kwa sababu wanapigwa. Hoja nzuri. Ndiyo maana kule Eastern Cape, Afrika Kusini, watafiti walichukua mabinti 1,099 wa miaka 15 mpaka 26 ambao hawakuwa na VVU kabisa wakawafuatilia kwa muda, na matokeo yakatoka 2010, waliokuwa wanapigwa na wapenzi wao zaidi ya mara moja waliambukizwa kwa kasi ya kama mara moja na nusu ukilinganisha na wenzao. Kipigo kilitangulia, virusi vikafuata.

Halafu kuna upande wa pili ambao hauongelewi sana, yaani baada ya kipimo.

Chukulia mama amepima kliniki ya wajawazito, amekutwa na VVU, ameanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Anarudi nyumbani na kopo. Lile kopo la vidonge linapiga kelele, ukitembea nalo kwenye mkoba linalia chwa chwa chwa, kila mtu kwenye daladala anajua, na mume akilisikia ataliuliza. Kwa hiyo mama anafanya nini? Anamwaga vidonge kwenye kitambaa anakifunga kwenye pindo la khanga, au anaviweka kwenye mfuko wa nailoni anavizika ndani ya debe la unga, kopo analitupa njiani pamoja na kadi. Unyevu unaingia, vidonge vinaharibika. Mume akikaa nyumbani siku nzima Jumapili, dozi haimezwi. Wakwe wakija wiki mbili, ndiyo imetoka hiyo. Baada ya miezi sita anapimwa wingi wa virusi, viko juu, na nesi anamgombeza mbele ya watu, wewe mama mbona humezi dawa, unataka kumuua mtoto? Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hapo mimi huwa naumia sana, maana huyu mama ameshapigwa nyumbani na sasa anapigwa kwa maneno kliniki, na safari ijayo harudi, halafu kwenye ripoti anaandikwa mtoro.

Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi pamoja na kutoa majumuisho 2015 waliona wanawake wanaofanyiwa ukatili na wenza wao wana uwezekano mdogo karibu kwa nusu wa kumeza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, inavyotakiwa, na virusi vyao kufubaa ni shida zaidi. Na tunajua sasa hivi mtu ambaye virusi vimefubaa hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Kwa hiyo fikiria, kofi moja linalomfanya mama afiche kopo linamgharimu afya yake, linaweza kumgharimu mtoto anayenyonya, na kama huyo mume hana virusi linaweza kumgharimu na yeye mwenyewe.

Swali linalofuata ni je, ukishughulikia ukatili maambukizi yanapungua kweli, au ni maneno ya semina? Hapa nendeni Rakai, Uganda, wilaya ambayo janga hili lilianza kuonekana mapema sana miaka ya 80, pale Kasensero ufukweni mwa ziwa Victoria. Kuanzia 2005 mpaka 2009 programu ya afya iliyokuwa inafanya kazi huko muda mrefu ilichukua makundi 11 ya vijiji. Vijiji vyote viliendelea kupata huduma za kawaida za VVU, lakini makundi manne yakaongezewa kitu kinaitwa SHARE. Hicho kilikuwa na vitu viwili vinatembea pamoja. Kwanza kazi ya kijijini, wanajamii wenyewe wakafundishwa kuongea na majirani, wanaume kwa wanawake, kuhusu kipigo na kulazimishana, siyo siku moja na kofia na fulana halafu basi, ni miaka. Pili, kwenye ushauri wa VVU wanawake wakawa wanaulizwa kuhusu usalama wao na kusaidiwa kupanga namna ya kumwambia mwenza majibu bila kuumizwa, au kupanga kutomwambia kwanza.

Watu zaidi ya 11,000 walihusika. Mwishoni, wanawake waliosema wamepigwa na mwenza ndani ya mwaka walikuwa asilimia 12 kwenye vijiji vya SHARE na asilimia 16 kwenye vile vingine. Maambukizi mapya ya VVU yakawa chini kwa kama theluthi moja. Theluthi! Bila dawa mpya, bila chanjo. Ila niseme na hili maana ni muhimu, wanaume walipoulizwa wenyewe kama wanapiga wake zao, majibu yao hayakuonyesha tofauti kati ya vijiji. Yaani bado kuna kazi upande wa wanaume, na mradi unaokusanya wanawake tu chini ya mwembe na kuwaambia mjitambue unaacha nusu ya tatizo likinywa kahawa kijiweni.

Kampala nako kuna programu ya SASA! ambayo ilipimwa kati ya 2007 na 2012, na kwenye jamii ilipofanya kazi kipigo cha wenza kilikuwa chini kwa kama nusu ukilinganisha na jamii zingine. Njia ni ile ile, majirani kwa majirani, kwenye saluni, sokoni, bodaboda stendi, wakiongea kuhusu nani ana nguvu kwenye nyumba na anaitumiaje.

Sasa kuuliza. Watu wanadhani kuuliza ni kusoma fomu, "umepigwa ndiyo au hapana", tiki, mwingine aingie. Hiyo ni bora usiulize. Mama ameketi, mlango uko wazi, nyuma ya pazia kuna foleni, na pembeni yake amekaa wifi aliyemsindikiza, halafu unamuuliza kama kaka mtu anampiga? Unategemea atasema nini? Na akisema ndiyo, wifi atafika nyumbani kabla yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema wazi, mtoa huduma asiulize kama hakuna faragha, kama hajafundishwa, na kama hakuna mahali pa kumpeleka huyo mtu akijibu ndiyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba ana kazi ngumu zaidi, maana anaingia mle mle ndani ambako mpigaji yupo. Wazoefu huwa na mada ya akiba, wakiwa wanaongea mambo mazito mume akitokea tu wanahamia kwenye chandarua au uzito wa mtoto, na mama akishazoea naye anajua kubadilisha.

Na mtu akisema ndiyo, kazi ya kwanza siyo kumwambia achana naye. Dada yangu, yule mama ana watoto wanne na hana pa kulala, na mwanamke anaweza kuumizwa vibaya zaidi pale anapojaribu kuondoka. Unamsikiliza mpaka amalize, bila kuandika andika. Unamuuliza anahitaji nini leo. Unamwambia nakuamini na siyo kosa lako. Mnaangalia pamoja usalama wake, je kuna silaha ndani, je anatishia kuua, jirani gani anaweza kukufungulia usiku, kadi ya CTC na dawa utaviacha kwa nani. Dawa zikae kwa dada yake au kwa rafiki wa kikundi, azipate kidogo kidogo kwenye chombo kikavu chenye mfuniko kisicho na kelele. Halafu ndiyo unamuunganisha na huduma nyingine, kwa idhini yake.

Kuna eneo moja programu zetu zinatakiwa kuwa waangalifu mno nalo ni hili la kutaja wenza. Mtu akikutwa na VVU anaombwa ataje aliokuwa nao kimapenzi ili nao wakapimwe, na kitaalamu ni njia nzuri, inawapata watu wengi ambao hawakujua. Ila mtoa huduma akiwa na tageti ya mwezi, lugha inabadilika, "ukitaja ndiyo nitakupa dawa". Huo ni ukatili mwingine na hauruhusiwi, kutaja ni hiari na dawa ni haki yako hata usipomtaja mtu. Kabla mwenza wako hajapigiwa simu lazima uulizwe kama huyo mtu anaweza kukudhuru, na ukisema ndiyo simu haipigwi. Kama hukuulizwa, una haki ya kusema simameni kwanza.

Wanaume na wavulana nao wanabakwa, na wanaofika kliniki kusema ni wachache kwa sababu ya aibu na kuchekwa. Swali la usalama liulizwe kwao pia, kwa heshima ile ile.

Mwisho ni saa, na hapa naomba msome taratibu. Mtu akibakwa kuna dawa za PEP za kuzuia VVU zisishike, lakini lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu, zinamezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi ndani ya siku 5. Usioge kabla hujachunguzwa kama unaweza kuvumilia, nguo ulizovaa weka kwenye bahasha ya kaki au gazeti siyo nailoni, maana nailoni inaozesha ushahidi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inahitajika kwa ajili ya kesi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, lakini kama muda unakimbia anza hospitali, dawa hazisubiri makaratasi. Mtoto akiwa hatarini, kwa Tanzania na Kenya piga 116 ni bure, na Kenya kuna 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Kinachoua zile saa 72 kwetu ni kikao. Binti amebakwa Ijumaa jioni, mama anamwambia baba, baba anasema tusikimbilie polisi, huyo ni mtoto wa ndugu, tuitane kwanza. Jumamosi wanasubiri mjomba atoke safari. Jumapili wazee wanakaa, wanaelewana faini, mbuzi na pesa kidogo, soda zinanyweka. Jumatatu jioni saa 72 zimekwisha, na hakuna hata mmoja kwenye kile kikao aliyemchukua binti kumpeleka kituo cha afya. Kwa hiyo wanaofanya kazi za VVU mitaani msiishie kwa akina mama, ingieni kwa wenyeviti wa mitaa, masheikh, wachungaji, washenga na wajomba, maana wao ndio wanaoitisha vikao hivyo, na waambieni jambo moja tu kwanza: kabla hamjakaa kuongea chochote, binti awe ameshafika hospitali.