Hapana, dubu weupe hawajalala

Novemba ikiingia tu, simu kutoka nyumbani zinaanza: "Shemeji, sasa si umepumzika? Dubu wako si wameshalala?" Mwaka huu kaniuliza mpaka mwalimu wa biolojia. Basi, ngoja niandike, nimalize.

Wanadhani dubu weupe, kama dubu wengine wa nchi za baridi, hulala pangoni baridi nzima. Hawajalala. Novemba ndiyo kwanza wanaingia kazini.

Ninaowafuatilia mimi ni wale wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson, Kanada. Barafu ya ghuba hii huyeyuka yote kila majira ya joto, dubu wakabaki nchi kavu kuanzia Julai hivi, wakisubiri maji yagande tena Novemba. Msimu wao wa njaa ni huo wa joto. Baridi kali tunayowahurumia nayo ndiyo inayowaletea chakula.

Sababu ni sili, mnyama wa baharini ambaye ndiye chakula chao. Sili anapumua hewa, kwa hiyo huweka matundu kwenye barafu na kuyakwangua kwa kucha yasizibe. Dubu anajilaza kando ya tundu, kimya, saa nzima hata zaidi, pua ikielekea majini. Sili akichomoza kuvuta pumzi, anang'atwa na kutolewa nje kwa mkupuo mmoja. Dubu aliyeshiba anakula ngozi na shahamu tu. Nyama anawaachia mbweha. Katika maji ya wazi hali ni nyingine: dubu ni mwogeleaji hodari, lakini sili hamfikii. Na kipindi cha kunenepa hasa ni Aprili mpaka Juni, watoto wa sili wanapokuwa wameachishwa ziwa, karibu nusu ya uzito wao ikiwa shahamu. Asiyejaza mwili wakati huo, Septemba itamkuta mifupa.

 

Sasa, nani analala? Jike mwenye mimba, basi. Wengine hujichimbia theluji kukiwa na dhoruba, ikipita wanaondoka. Jike anapandwa Aprili au Mei, lakini kijusi hakijishiki tumboni mpaka vuli, na akiwa amekonda, mimba inaishia hapo. Aliyenona anaingia pangoni, anazaa kama Desemba watoto wasiofika kilo moja, macho yamefumba, na kuwanyonyesha maziwa ambayo karibu theluthi yake ni mafuta. Wakati wote huo hali chochote. Ukihesabu tangu aliposhuka kutoka kwenye barafu Julai hadi anaporudi baharini na watoto, ni miezi kama minane bila kushika sili. Wala usingizi wenyewe si mzito kihivyo: joto la mwili wake linashuka nyuzi chache tu.

Linaloniudhi kuliko yote ni lile la "kulala huku anatembea". Hili si la mitaani, tulilianzisha sisi wataalamu. Ilidhaniwa kwamba dubu wa majira ya joto, akikosa chakula, anaupunguza moto wa mwili kama aliye pangoni, huku bado anazurura. Dhana ilipendeza, maana ilimfanya dubu aonekane ana akiba ya siri. Mwaka 2015 vikachapishwa vipimo vya dubu wa Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska, waliopandikizwa vihisio vya joto mwilini. Mwendo ulipungua, joto likashuka kidogo kidogo, sawasawa na mnyama yeyote anayeshinda njaa. Akiba ya siri haikuonekana.

Na msiniambie atakula matunda. Dubu 20 wa huku kwetu walifungwa kola zenye kamera kwa wiki tatu hivi, matokeo yakatoka 2024. Walikula nyasi, matunda, mizoga ya ndege, na bado 19 walipungua uzito, wengi karibu kilo moja kwa siku.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia juu juu. Hesabu ya dubu wa eneo letu ilikuwa 842 mwaka 2016 na 618 mwaka 2021. Nazitumia namba hizo, lakini ni makadirio ya kuhesabu kwa ndege, yana mwanya mpana, na inawezekana baadhi ya dubu walihamia kusini mwa ghuba tu. Kwamba wamepungua sina shaka. Kwamba wamepungua kiasi hicho hasa, sitaapa. Halafu kuna dubu wa Bahari ya Chukchi, kati ya Alaska na Urusi: barafu yao nayo imepungua, ila walipopimwa walikuwa wanene na wanazaa vizuri. Bahari ya kule ni ya kina kifupi na imejaa sili, na mimi naona jibu limo humo. Kwa muda gani litaendelea kuwa jibu, hapo hata mikutanoni tunabishana.