Betri ya simu: tunayoambiana na ulivyo ukweli

"Simu mpya ichaji saa 8 kabla ya kuiwasha." Ushauri huu ni urithi wa betri za nikeli, ambazo zilihitaji kuamshwa kwa chaji ndefu. Simu za leo zinatumia lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, na haihitaji hayo. Iwashe, itumie, ichaji ukipata umeme.

"Isubiri iishe kabisa ndipo uchaji." Huu nao ni wa enzi zilezile, ila madhara yake ni makubwa zaidi. Betri ya lithiamu huchakaa haraka inaposhushwa hadi sifuri kila siku, na kuichaji kidogo kidogo hakuidhuru: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umehesabu mzunguko mmoja tu wa kuisha na kujaa. Balaa hasa ni simu ya akiba inayotupwa kabatini ikiwa imezima kwa kuisha chaji. Betri huendelea kupungua polepole, na volti zikishuka mno, saketi ya ulinzi hukataa kuichaji tena. Simu ya akiba iache na chaji ya karibu nusu, izime, kisha iangalie kila baada ya miezi michache.

"Kuchaji usiku kucha hulipua simu." Simu yenyewe hukata chaji ikijaa. Kinachoiumiza ni kukaa imejaa huku ikiwa na joto, yaani usiku mzima chini ya mto, au kwenye dashibodi ya gari juani huku ikichajiwa na ramani imewashwa. Joto ndilo adui mkubwa wa betri katika nchi zetu. Simu ikichemka wakati wa kuchaji, itoe kava, iweke juu ya meza au sakafu, acha kucheza gemu. Kama ina mpangilio wa kuishia asilimia 80, uwashe. Kuiweka kwenye friji ni kosa: unyevu hujikusanya ndani, kisha unaanza kutafuta fundi wa kutu.

"Chaja ya wati nyingi huchoma betri." Simu ndiyo inayoomba, chaja inatoa. Chaja nzuri ya wati 65 ikikutana na simu inayopokea wati 10, itatoa 10. Iogope chaja feki. Mara nyingi ni nyepesi kama ganda, na ukichaji, kioo kinachanganyikiwa: unagusa hapa, inafunguka pale. Umeme wake haujachujwa vizuri. Iache mara moja, kwa sababu hata utengano kati ya umeme wa ukutani na kidole chako hauaminiki.

"Kufunga programu kila dakika huokoa chaji." Kuzifungua upya kunakula zaidi. Punguza mwanga wa kioo, na ukiwa pasipo na mtandao weka hali ya ndege, maana simu inayohangaika kutafuta mnara humaliza chaji ikiwa mfukoni.

"Pawabanki ya mAh 20,000 hujaza simu ya 5,000 mara nne." Namba hiyo imepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, yaani betri ndogo zilizomo. Ikipandishwa hadi volti 5 hubaki takriban 14,800, na nyingine hupotea kama joto. Tegemea mara mbili na nusu hivi. Na seli ya 18650, ile yenye umbo la silinda kama betri ya tochi, ikiandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu. Zile nzuri za kawaida huishia karibu na 3,500.

"Betri ikivimba, itoboe hewa itoke." Hapana, kamwe! Ile ni gesi iliyotokana na kemikali kuharibika, na utando unaotenganisha pande mbili za betri ni mwembamba kuliko unywele. Ukiupasua, pande zinagusana na moto unawaka hapohapo. Utaijua mapema kioo kikianza kuinuka pembeni na mstari wa mwanga kuonekana. Acha kuchaji, usikikandamize kioo kirudi, ipeleke kwa fundi.

Fundi makini anayebadilisha betri huanza simu ikiwa na chaji chini ya asilimia 25 na imezimwa. Hulainisha gundi ya kifuniko kwa joto la wastani, kisha huchomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kingine. Betri ikigoma kutoka, hudondoshea pembeni spiriti ya isopropili, husubiri dakika chache, kisha huinyanyua kwa kadi ya plastiki. Ukimwona anachokoa kwa bisibisi, mzuie. Betri mpya ilingane na ya zamani kwa namba ya modeli na volti, na angalia tarehe ya kutengenezwa, kwani betri huzeeka hata ikiwa rafuni. Baada ya kufungwa, asilimia zinaweza kuruka. Hapo ndipo kuishusha hadi izime na kuijaza mara moja kunafaa, ili kipimo kijisahihishe.

Ile iliyovimba usiitupe jalalani wala kuichoma na takataka. Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na nyumba, hadi utakapoifikisha kwa wanaopokea taka za kielektroniki.