Nyirinyiri kwenye begi la Ulaya

Begi la kwenda Ulaya hufungwa usiku wa mwisho, ndugu wote wakiwa wamelizunguka, na kila mmoja ana lake la kufundisha. Somo la kwanza ni hili: "Wanakataa nyama mbichi tu. Hii nyirinyiri nimeikausha nikaikaanga, haiozi hata miezi mitatu."

Haiozi, kweli. Ila forodha haiulizi kama imeoza. Anayetoka Tanzania au Kenya haruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya na nyama yoyote, wala maziwa na vitokanavyo. Nyirinyiri, soseji, sambusa za nyama, hata samli ya bibi, vyote vinabaki mlangoni. Kinachoogopwa ni virusi vya mifugo. Moto mkali wa muda mrefu huviua, lakini afisa atajuaje sufuria yako ilikaa jikoni dakika ngapi?

"Lakini ni nusu kilo tu, ya kula mwenyewe." Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kudhani sheria inawawinda wafanyabiashara. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Mwaka 1957 ikazuka karibu na Lisbon, Ureno, na inaaminika ilianzia kwa nguruwe waliolishwa makombo ya chakula cha abiria wa ndege. Makombo! Nawe usiyegusa kitimoto usijitoe: ng'ombe na mbuzi wana ugonjwa wa miguu na midomo. Uingereza ilipopigwa nao mwaka 2001, wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye shamba moja la nguruwe walioaminika kulishwa makombo yasiyochemshwa. Kipande ulichokitupa jalalani kinatosha kabisa.

Kuna pia wanaotegemea risiti: wamenunua duka la uwanja wa ndege, pakiti ina lebo. Risiti haibadilishi nchi nyama ilikotoka.

Ushauri mbaya kuliko yote ni ule wa "nyamaza, pita njia ya kijani", yaani ile ya wasio na cha kutaja forodhani. Marekani, kwa mfano, ukitaja chakula ulichobeba, kisichoruhusiwa kinachukuliwa nawe unaendelea na safari bila faini. Ukikificha, faini yaweza kufika dola 10,000. Kwa nusu kilo ya nyama! Ulaya nako, ukiwa na shaka, shika njia nyekundu, ya wenye cha kutaja, uulize.

Upande wa pili wako waoga wanaoacha kila kitu nyumbani, na hao nawaonea huruma zaidi, maana dagaa wa Mwanza wanapita. Umoja wa Ulaya unaruhusu samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yako, ingawa samaki wabichi lazima wawe wametolewa matumbo. Asali, mwisho kilo 2. Itie kwenye chupa isiyovuja, mbali na mashati.